Digrii ya pili ya uuguzi kwa miezi 12: kilichofupishwa ni kalenda, si saa

Swali huja karibu kwa maneno yaleyale. Mtu ana digrii ya sosholojia, ya ualimu au ya biashara. Yuko Dodoma, labda ni mtumishi pale Mji wa Serikali Mtumba, labda bado anazungusha barua za kazi akiwa amepanga Nkuhungu. Ana dada au mjomba Marekani aliyemwambia kwamba kule mwenye digrii yoyote anaweza kusomea uuguzi mwaka mmoja na ushee, akatoka na digrii ya pili na kuufanya mtihani wa leseni. Sasa anauliza: naiweza, au najitafutia balaa?

Kozi hizo zipo. Chuo Kikuu cha Saint Louis, katika jimbo la Missouri, kilianza kuzitoa mwaka 1971, na leo zimeenea karibu kila jimbo la Marekani. Nyingi huchukua kati ya miezi 11 na 18. Watu huzimaliza kila mwaka, wakiwemo wenye watoto wadogo na wenye miaka zaidi ya arobaini. Wanaokwama, kwa sehemu kubwa, hawakwamishwi na ugumu wa masomo. Waliingia bila kukaa chini na kalamu wakahesabu saa za wiki yao. Makala hii ni ya hesabu hiyo, pamoja na mambo machache yanayowaponza Watanzania hasa.

Kwanza, kwa nini wao wanaweza kufupisha

Digrii ya kwanza ya Marekani ina krediti zipatazo 120, na karibu nusu yake ni masomo ya jumla: uandishi, historia, hisabati, saikolojia, sayansi za msingi. Mwenye digrii tayari anahesabiwa kwamba nusu hiyo ameshailipia. Kinachobaki ni uuguzi wenyewe, mara nyingi krediti 60 hivi, pungufu kidogo au zaidi kidogo kutegemea chuo.

Mtaala wetu hauna nusu ya kufuta. Shahada ya uuguzi hapa ni miaka 4, ikifuatiwa na mwaka 1 wa mafunzo kazini, na mwanafunzi anakutana na anatomia mwaka wa kwanza. Digrii ya sosholojia haina kitu cha kupunguza hapo, hata iwe ya daraja la kwanza. Ndiyo maana ukienda Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) au St John's ukaulizia njia fupi kwa mwenye digrii nyingine, jibu la kawaida ni kuanza mwaka wa kwanza kama wenzako waliotoka kidato cha sita. Si roho mbaya. Ni muundo.

Sasa tuje kwenye neno linalowadanganya wengi: krediti. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka wa masomo una krediti 120, yaani saa 1,200. Marekani krediti moja ni saa moja darasani na saa mbili za kujisomea kila wiki, kwa wiki zipatazo 15. Hiyo ni saa 45. Kwa hiyo Mtanzania anayeona tangazo la “krediti 60 tu” na kukumbuka kwamba yeye alibeba 120 kwa mwaka bila jasho, amepotea. Krediti 60 za kwao ni saa 2,700. Ukizipeleka kwenye vipimo vyetu ni krediti 270, zaidi ya miaka miwili ya chuo hapa, zimeshindiliwa ndani ya mwaka mmoja.

Gawanya hizo saa 2,700. Kozi ya miezi 12, ukitoa mapumziko, ina wiki 45 hivi: saa 60 kwa wiki. Kozi ya miezi 16 ina wiki 60 hivi: saa 45 kwa wiki. Kozi ya miezi 18 ina wiki 67 hivi: saa 40. Hesabu ni ya kukadiria, lakini inaonyesha jambo ambalo vipeperushi havilisemi. Mwanafunzi wa kawaida Marekani anayesoma krediti hizohizo kwa mihula minne ya wiki 15 naye anasoma wiki 60, saa 45 kwa wiki. Tofauti yake na yule wa miezi 16 ni likizo ndefu tu. Kozi ya miezi 16 imekula likizo; ya miezi 12 imekula likizo na usingizi.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo uamuzi mwingi ulipo. Mtu anajiuliza kama anauweza uuguzi wa haraka, wakati swali lenye faida ni haraka kiasi gani. Miezi minne ya nyongeza inagharimu kodi ya nyumba na mishahara minne ya kuchelewa. Lakini somo moja likianguka katika kozi ya miezi 12, unaweza kusubiri kundi linalofuata lifike pale ulipoachia, na kusubiri huko kunaweza kufika mwaka mzima.

Wiki ina saa 168

Toa usingizi, saa 7 kwa usiku: 49. Zimebaki 119. Toa shule ya saa 60: zimebaki 59. Toa kupika, kula, kuoga, kufua, kusafiri na ibada, tuseme saa 3 kwa siku: 21. Zimebaki 38. Hapo hujabeba mtoto, hujapiga simu nyumbani, hujaugua mafua.

Ongeza sasa kazi ya saa 20 kwa wiki, ambacho ndicho kiwango cha juu anachoruhusiwa mwenye viza ya mwanafunzi wakati wa muhula, tena ndani ya chuo. Zimebaki 18, chini ya saa 3 kwa siku, na humo ndimo watoto, mwenza, magonjwa na uchovu vitagombania nafasi. Inafanyika, kwa wiki nne au tano. Kisha mtu anaanza kukopa kwenye usingizi, alama zinashuka, naye anadhani tatizo ni Kiingereza chake. Vyuo vingi huwashauri wanafunzi wa kozi hizi wasifanye kazi kabisa, na ushauri huo umetokana na hesabu kama hii.

Saa za wodini zina tabia yake. Huzihamishi. Saa ya kujisomea unaweza kuisogeza kutoka Jumanne kwenda Jumapili. Zamu ya saa 12 haisogei. Inaweza kuanza saa moja kasorobo asubuhi na kuisha saa moja na robo usiku, na hospitali yenyewe inaweza kuwa mwendo wa saa nzima kwa gari kutoka chuoni. Unaamka saa kumi alfajiri. Ukirudi, siku hiyo imekwenda, usijidanganye kwamba utafungua daftari. Wenye watoto wadogo huvunjikia hapa zaidi ya kwenye mitihani, kwa sababu vituo vingi vya kulelea watoto havifunguki alfajiri hiyo. Anayekwenda na familia ajue kabla ya kuondoka ni nani atakayembeba mtoto kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa mbili asubuhi. Hapa Dodoma jirani au bibi wa mtoto anaziba pengo hilo bila hata kuombwa mara mbili. Kule pengo hilo linalipiwa.

Na kuna jambo la mikono. Katika wodi zetu ndugu wa mgonjwa hufanya sehemu kubwa ya utunzaji: wanaleta uji, wanamwogesha, wanambadilisha nguo, wanafua. Marekani kazi hiyo ni ya wauguzi na wasaidizi wao. Mwanafunzi wa wiki ya tatu anaweza kukabidhiwa mtu mzima asiyemjua, mwanamume au mwanamke, amwogeshe na kumsafisha haja kubwa kitandani. Ukiwa umeshamuuguza mzazi, unajua jibu lako. Kama hujawahi, andika barua kwa mganga mfawidhi wa kituo cha afya kilicho karibu, uombe kujitolea siku chache chini ya muuguzi mfawidhi. Usiende bila barua ukategemea kufahamiana. Faragha ya wagonjwa si jambo la kufahamiana.

Wiki sita za kwanza

Muhula wa kwanza huleta kwa pamoja misingi ya uuguzi, upimaji wa mgonjwa kuanzia kichwa hadi miguu, famakolojia, na somo la namna ugonjwa unavyoharibu kazi za mwili. Hilo la mwisho ndilo linalowaumbua waliosahau fiziolojia. Mhadhiri hatarudi kukueleza figo inachuja vipi. Ataanza na figo iliyoshindwa. Kama hukumbuki, unasoma masomo mawili kwa wakati mmoja, lililopita na la leo, na zile saa 60 zinakuwa 75.

Mtihani wa kwanza huwashangaza hata waliokuwa vinara wa darasa kwenye digrii ya kwanza. Sisi tumekulia kwenye desa: unapata makaratasi ya mwaka jana, unakariri, unaingia chumba cha mtihani, unatapika. Maswali ya uuguzi yana majibu manne ambayo yote yanaweza kuwa sahihi, nawe unaulizwa lipi lianze. Mfano: una wagonjwa wanne. Mmoja alipasuliwa jana na anaomba dawa ya maumivu. Mwingine dripu yake inakaribia kuisha. Wa tatu ana kisukari, anatoka jasho, sukari yake ni 3.1. Wa nne ameruhusiwa na ndugu zake wamekasirika wakisubiri makaratasi. Unaanza na nani? Wa tatu, kwa sababu sukari iliyoshuka inaweza kumuua ubongo huku wengine wakisubiri tu. Desa haisaidii hapo. Na kuna mtego mdogo juu yake: Marekani sukari ya damu hupimwa kwa miligramu kwa desilita, si kwa milimoli kwa lita tulizozoea. Zidisha yetu kwa 18: 3.1 inakuwa 56 hivi. Anayeona 56 na kudhani iko juu, amemfuata mgonjwa wa nne kwenye makaratasi.

Alama ya kufaulu nayo haifanani na ya hapa, ambako C imeokoa wengi. Shule nyingi za uuguzi kule huweka kati ya asilimia 75 na 80, na nyingi hazikwezi: 74.9 ni kufeli. Kwa kawaida hakuna sapu, yaani mtihani wa marudio. Somo moja likianguka unasubiri kundi lijalo; mawili, katika vyuo vingi, umedisko, yaani umeondolewa chuoni.

Hesabu za dawa zina mtihani wake wa pekee, na huko baadhi ya shule hudai asilimia 90, nyingine 100. Hesabu zenyewe ni za darasa la saba. Kinachoangusha watu ni haraka. Chukua dripu ya lita 1 kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita. Mililita 1,000 zidisha kwa 20, gawanya kwa dakika 480: 41.67, unaweka matone 42 kwa dakika. Seti ikiwa ya matone 60 kwa mililita, jibu ni 125. Mwanafunzi aliyekariri fomula bila kusoma maandishi ya pakiti ya seti atatoa jibu moja siku zote.

Au paracetamoli ya maji kwa mtoto, miligramu 15 kwa kilo. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 180. Chupa ya miligramu 120 kwa mililita 5 inampa mililita 7.5. Rahisi. Kule mzazi atakutajia uzito kwa ratili: 26. Gawanya kwa 2.2 upate kilo 11.8, halafu zidisha kwa 15 upate miligramu 177. Asiyegawanya anazidisha 26 kwa 15 na kuandika 390, zaidi ya mara mbili ya dozi. Kosa la pili ni kukadiria kila hatua. Beba desimali hadi mwisho, kadiria mara moja. Fanya mifano 10 ya namna hii kila siku kwa mwezi mmoja kabla ya kuanza na hutakuwa na hofu ya mtihani huo tena.

Mbele kabisa ya yote kuna NCLEX, mtihani wa leseni. Ni wa kompyuta, maswali kati ya 85 na 150, muda usiozidi saa 5, na ugumu wa kila swali hupangwa kutokana na ulivyojibu yaliyotangulia. Shule nzuri huanza kukuandaa kuanzia muhula wa kwanza, ndiyo sababu maswali yao yanakera.

Kabla ya kuomba: yale yanayokula mwaka bila kuonekana

Ule “mwaka mmoja” wa tangazo mara nyingi huanza kuhesabiwa baada ya masharti ya awali. Orodha ya kawaida ni anatomia na fiziolojia sehemu mbili pamoja na maabara, mikrobiolojia pamoja na maabara, takwimu, lishe, na saikolojia ya ukuaji wa binadamu. Vyuo vingi huongeza kemia. Mwenye sosholojia anaweza kuwa na takwimu na saikolojia mkononi. Sayansi hana, na kuzisoma kwenye chuo cha jamii kule huchukua mihula miwili hivi. Mwenye digrii ya baiolojia naye asishangilie mapema: vyuo vingi hukataa sayansi zilizosomwa zaidi ya miaka 5, au 7, au 10 iliyopita. Ukitaka kuzisomea mtandaoni ukiwa Dodoma, uliza kwa maandishi kabla ya kulipa kama maabara ya mtandaoni inakubaliwa. Wengi wamelipia somo zuri lenye maabara isiyotambulika.

Kuna suala la GPA, wastani wa alama za digrii. Sharti la kawaida ni 3.0, lakini kwa kipimo cha 4.0. Yetu ni ya 5.0, ambapo 3.2 ni daraja la pili la chini. Usichukue 3.2 yako ukasema umevuka, wala usigawanye kwa 5 na kuzidisha kwa 4 ukakata tamaa. Mashirika ya kutathmini vyeti hutumia jedwali lao kwa kila somo, na jibu linaweza kutofautiana na lako pande zote mbili. Omba tathmini ya somo kwa somo, si ya jumla, na anza mapema, kwa sababu nakala ya matokeo hutakiwa itoke chuoni moja kwa moja. Ofisi za matokeo zina mwendo wake, mnazijua.

Chanjo ndizo zinazochelewesha watu kwa aibu. Homa ya ini B hutolewa dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu baada ya miezi 6. Anayeanza wiki ya kupata barua ya kukubaliwa hatamaliza kabla ya kuingia wodini. Anza sasa, tunza kadi. Utaulizwa pia surua, rubela, tetekuwanga na pepopunda, pamoja na cheti cha huduma ya kwanza ya moyo na pumzi. Na kifua kikuu: karibu sote tulichanjwa BCG tukiwa wachanga, na chanjo hiyo inaweza kufanya kipimo cha ngozi kionyeshe una maambukizi wakati huna. Omba kipimo cha damu, ambacho hakichanganywi na BCG. Vinginevyo utatumwa eksirei na barua za daktari huku wenzako wakianza zamu.

Fedha nitaipitia haraka, kwa kuwa kila mtu anajua mfuko wake. Viza ya mwanafunzi kwa Watanzania Marekani ilitangaza kuisimamisha kuanzia Januari 2026, kwa hiyo uliza kwanza ubalozini Dar es Salaam kama inatolewa; ikitolewa, mwombaji huonyesha uwezo wa kulipia mwaka wa kwanza wote, ada na maisha, na mahojiano ni hapohapo ubalozini. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaweza kupata mikopo ya serikali ya shirikisho, ila ule msaada usiorudishwa wa Pell hautolewi kwa mtu mwenye digrii. Nyumbani, deni la Bodi ya Mikopo halifutiki kwa sababu umekwenda masomoni: kwa mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, ukiacha kazi makato yanaisha lakini deni linabaki palepale. Mtumishi wa umma asitegemee ruhusa ya masomo bila kuuliza, kwa kuwa mara nyingi hutolewa kwa kozi iliyomo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri, na ofisa wa wizara anayetaka kuwa nesi hayumo kirahisi kwenye mpango huo.

Njia ya hapahapa, na suala la ukunga

Kuna wanaoitafuta Marekani kumbe wanachokitaka ni uuguzi tu. Stashahada ya uuguzi na ukunga hapa ni miaka 3, ngazi ya 4 hadi 6 ya tuzo za elimu ya ufundi (NTA), na sharti lake la msingi ni ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, ikiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Digrii yako ya sosholojia haiangaliwi. D yako ya Fizikia ya miaka 12 iliyopita ndiyo inayofungua mlango. Kama ni F, utajisajili Baraza la Mitihani (NECTA) kama mtahiniwa wa kujitegemea, na tafuta kituo chenye maabara. Mkoani Dodoma kuna mafunzo ya uuguzi Mvumi, Mirembe na Kondoa. (Ukitaja Mirembe, penye hospitali ya magonjwa ya akili, mjini hapa watu wanacheka. Kwenye uuguzi, afya ya akili ni somo kamili lenye zamu zake, na anayecheka mwaka wa kwanza huwa kimya akishakaa wodini wiki moja.)

Zingatia neno ukunga. Nesi wa Tanzania anasomea vyote viwili, na katika zahanati ya Chamwino au Mpwapwa usiku wa manane yeye ndiye anayezalisha. Kozi ya haraka ya Marekani ina somo moja la uzazi na zamu zake. Haikufanyi mkunga, kwani kule ukunga husomewa baadaye, ngazi ya juu. Ukiwa na nia ya kurudi, digrii ya nje hupita TCU ili itambuliwe na usajili ni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Liandikie Baraza kabla ya kulipa ada, ukiambatisha mtaala wa chuo unachokitaka, uulize upungufu wa ukunga utazibwa vipi. Barua hiyo haina gharama. Kuigundua hoja hiyo ukiwa na digrii mkononi kuna gharama.

Uingereza, kwa kifupi, ni miaka 2 kwa mwenye digrii. Sheria yao inataka saa 4,600, nusu darasani na nusu kwa vitendo, ila uzoefu na masomo ya awali yanaweza kutambuliwa hadi nusu ya kozi. Wao angalau wanaziandika saa waziwazi.

Ya kuuliza chuo

Uidhinishaji wa bodi ya uuguzi ya jimbo ndio wa kwanza. Bila huo huufanyi mtihani wa leseni. Ithibati ya CCNE au ACEN, mashirika yanayokagua ubora wa kozi za uuguzi kule, ndiyo ya pili. Kisha omba kiwango cha kufaulu NCLEX kwa miaka mitatu, si mwaka mmoja uliokuwa mzuri. Bodi za majimbo hukitangaza. Lakini swali zito ni jingine: kati ya walioanza, wangapi walimaliza kwa muda uliopangwa? Shule inaweza kuwa na ufaulu wa asilimia 95 kwa sababu iliwatoa njiani wote waliotetereka. Uliza nani anatafuta nafasi za wodini, chuo au mwanafunzi. Kozi za mtandaoni zinazomwachia mwanafunzi atafute mwenyewe ziogope. Uliza mwanafunzi aliyeanguka somo moja mwaka jana alisubiri miezi mingapi. Ofisa udahili akikujibu kwa maneno ya jumla, sema unaomba idadi.

Jaribio la wiki nane

Kazi ya ofisi, pamoja na kwenda na kurudi, hukula saa 45 hivi kwa wiki. Ongeza saa 15 za anatomia na fiziolojia na umepata 60, uzito uleule wa kozi ya miezi 12, bila kupanda ndege. Fanya hivyo kwa wiki nane. Kuna vitabu vya bure mtandaoni. Pakua mapema, umeme na bando havitabiriki. Panga saa 2 za alfajiri siku tano, na saa 5 Jumamosi. Jumamosi hiyohiyo jibu maswali 50 bila kufungua kitabu. Saa hesabu kwa kipima muda unachokisimamisha kila ukishika simu. Kitabu kilichokaa wazi mbele ya mtu anayejibu ujumbe si kusoma.

Wastani ukiwa saa 15 na alama asilimia 75 au zaidi, miezi 12 iko ndani ya uwezo wako. Saa 15 zikitimia lakini alama zikigota asilimia 60, wakati unao, njia yako ya kusoma ndiyo mbovu; acha kukariri, anza na maswali kisha urudi kitabuni. Wastani ukiwa chini ya saa 12, tafuta kozi ya miezi 16 au 18 na usione haya. Ukiwa chini ya saa 8, kuna kitu nyumbani kwako kinachodai saa hizo, na kitakufuata hadi Missouri.

Andika matokeo kila Jumapili usiku kwenye daftari moja. Ukikuta wiki ya tano umeandika saa 6, andika na sababu pembeni. Kama ulikuwa msiba, irudie wiki hiyo. Kama ulikuwa mpira, simu na wageni waliokuja bila taarifa, iache ihesabiwe.